Kumtafuta Mwanasheria wa Karne ya 19 katika Kumbukumbu za Ukoo: Kutoka Mombasa hadi Naitiri

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Hata hivyo, asili isiyokuwa na tarehe wala mahali ni vigumu kuishika. Katika nyumba nyingi za Naitiri, eneo la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, hutajwa babu wa kale aliyekuwa mwamuzi. Husemwa kwamba watu walimwendea kwa kesi za ng'ombe, za mahari, za mipaka na za damu iliyomwagika, na kwamba neno lake lilishika. Mjukuu akiuliza aliishi lini, hujibiwa kuwa aliishi kabla ya Wazungu. Akiuliza kaburi lake liko wapi, huelekezwa kusini, mbali na shamba analolima yeye.

Jibu hilo la pili lina sababu yake. Wakati wa ukoloni, Naitiri ilikuwa sehemu ya nchi ya mashamba ya walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, mashamba hayo yaligawanywa kuwa skimu za makazi, na jamaa nyingi za Wabukusu zikahamia huko kutoka sehemu nyingine za Bungoma. Walihama na majina, mifugo na masimulizi, makaburi hayahamishiki. Kwa hiyo, anayetaka kumjua mwanasheria wa karne ya 19 wa ukoo wake akiwa Naitiri hana budi kutumia kumbukumbu zilizobebwa na watu.

Makala haya yanaeleza namna ya kuzisoma kumbukumbu hizo. Hoja yake ni kwamba kumbukumbu za ukoo, ziwe za maandishi au za mdomo, zilitunzwa kwanza kwa ajili ya sheria: kuamua nani anarithi, nani amwoe nani, na nani alipe deni la nani. Msomaji anayeijua kazi hiyo ataweza kumwona mwamuzi wa kale ndani yake, na pia atawaona wale walioachwa nje. Uchunguzi unaanzia Mombasa, ambako maandishi ya ukoo mmoja wa makadhi yanaonyesha njia hatua kwa hatua. Kisha unarejea Naitiri kuona ni hatua zipi zinafaa mahali pasipokuwa na maandishi ya wakati huo.

Mwanasheria ni nani?

Neno lenyewe linahitaji kupambanuliwa. Msamiati wa mahakama katika Kiswahili umetokana kwa kiasi kikubwa na Kiarabu: sheria, hukumu, hakimu, kadhi, wakili, shahidi, mirathi, wasia. Leo "wakili" humkumbusha msikilizaji mtu wa joho anayemtetea mteja mahakamani. Maana ya msingi ni pana zaidi: wakili ni yeyote aliyekabidhiwa kutenda kwa niaba ya mwingine, na ndiyo maana neno hilo husikika hata katika ndoa. Katika pwani ya karne ya 19, mtu wa sheria mwenye hadhi kubwa alikuwa kadhi, yaani mwanachuoni aliyeteuliwa na mtawala ili ahukumu kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu.

Miongoni mwa Wabukusu hapakuwa na uteuzi wa namna hiyo wala vitabu vya fikihi. Palikuwa na wazee wa ukoo walioketi barazani, na miongoni mwao omukasa, mzee aliyetambuliwa kuwa kiongozi na msuluhishi kwa sababu ya busara na ulimi wake. Kumwita mtu huyo mwanasheria si kumvika joho asilolivaa, bali ni kukiri kuwa alikuwa na kanuni, alikuwa na kesi za awali za kurejelea, na uamuzi wake ulikuwa na nguvu. Tofauti kubwa kati yake na kadhi ni kwamba kumbukumbu za kadhi ziliandikwa kwa wino, ilhali zake ziliwekwa vichwani mwa watu.

Mfano wa Mombasa: Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui

Ukoo wa Mazrui, wenye asili ya Oman, ulitawala Mombasa kwa muda mrefu katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan aliutwaa mji huo, na viongozi kadhaa wa ukoo wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas. Baada ya kupoteza utawala, baadhi ya Mazrui walipata heshima kwa njia nyingine, yaani elimu ya dini na sheria. Mmoja wao ni Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, aliyezaliwa mwaka 1825 na kufariki mwaka 1894, na ambaye alikuwa kadhi wa Mombasa.

Njia ya kumfikia huanza na jina lake. "Bin" mbili katika jina hilo humpa mtafiti baba na babu bila kufungua kitabu chochote. Hii ndiyo nasaba katika umbo lake fupi. Nasaba ndefu ziliandikwa na kutunzwa nyumbani, na hazikuwa pambo. Kwa nasaba, mrithi wa mbali alithibitisha haki yake, na walii wa bibi harusi alitambulikana.

Hatua ya pili ni kwa mwana. Sheikh Al-Amin bin Ali (1891–1947) alikuwa mwanachuoni, mwanzilishi wa magazeti ya Al-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi kifo chake. Aliandika kwa Kiarabu historia ya Mazrui wa Mombasa, na tafsiri yake ya Kiingereza ikachapishwa mwaka 1995. Hapo ukoo unajisimulia wenyewe kwa kalamu ya mtu wa ndani.

Hatua ya tatu ni kwa mwanachuoni mwenzao. Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), aliyepata pia kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alichapisha mwaka 1972 kitabu cha Kiswahili kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Kinasimulia wasifu wa mwanachuoni mmoja mmoja: nani alisoma kwa nani, nani alimsomesha nani, na nani alikuwa kadhi wapi. Katika kumbukumbu za namna hii, mwalimu na mwanafunzi huunganishwa kama baba na mwana, kwa kuwa elimu nayo ilikuwa na nasaba yake.

Hatua ya nne ni kwenye hati za kazi: wakfu, wasia, mauzo ya mashamba, mgawanyo wa mirathi. Kadhi huonekana humo kwa sahihi au kwa kutajwa, huku akiyashughulikia mambo ya wengine. Wasifu humsifu mtu, lakini hati humwonyesha akiwa kazini.

Mafunzo matatu kutokana na mfano huo

Funzo la kwanza linahusu ushahidi. Sheikh Al-Amin alikuwa mtoto wa takriban miaka mitatu baba yake alipofariki. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa kadhi. Farsy alizaliwa miaka 18 baada ya Sheikh Ali kufariki. Kwa hiyo hata pale penye vitabu, habari zilipita kwanza katika vinywa vya wazee. Anayedhani kuwa Mombasa ina maandishi na Bungoma ina simulizi tu amekosea, kwani nyuma ya maandishi hayo mna simulizi.

Funzo la pili linahusu mgongano wa kumbukumbu. Sheikh Ali aligombana na Sayyid Barghash bin Said, mtawala wa Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, kwa sababu ya mafundisho yake dhidi ya itikadi ya Kiibadhi, madhehebu ya watawala hao. Alifungwa, akaachiliwa baada ya Barghash kufariki mwaka 1888. Kwa dola, tukio kama hilo ni suala la amani ya mji. Kwa ukoo na wanafunzi, ni suala la ujasiri wa mwanachuoni. Mfungaji na mfungwa hawahifadhi habari kwa shabaha moja. Mtafiti huzisoma zote mbili, tena huuliza kila mmoja alitaka kuthibitisha nini.

Funzo la tatu linahusu hesabu ya miaka, na ndilo linalowaponyoka wengi. Sheikh Ali alizaliwa mwaka 1825. Mjukuu wake, Profesa Ali Al'amin Mazrui, msomi aliyejulikana duniani kote, alizaliwa mwaka 1933. Kati ya babu na mjukuu kuna hatua mbili tu za uzazi, lakini miaka 108. Mtafiti anayekadiria miaka 30 kwa kila kizazi, kama inavyofanywa mara nyingi, angekisia kuwa babu alizaliwa mwaka 1873, na angekosea kwa miaka 48. Angemnyima utoto wa mwaka 1837, Mombasa ilipotwaliwa, na angemfanya kijana wa miaka 15 wakati wa kifo cha Barghash, ilhali alikuwa mzee wa miaka 63. Tena jina limerudi: Ali wa karne ya 20 amepewa jina la Ali wa karne ya 19. Pasipo "bin" ya kati, wawili hao wangeweza kuchanganywa.

Tarehe za Hijria huongeza ugumu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama 11, hivyo miaka miwili hiyo haianzi wala kuisha pamoja. Mwaka 1308 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Agosti 1890 ukaisha Agosti 1891. Hati yenye mwaka bila mwezi humwachia mtafiti nafasi ya miaka miwili ya Miladi. Aidha, siku ya pwani huanza magharibi jua linapotua, hivyo kilichoandikwa kuwa cha usiku wa Ijumaa hutukia usiku ambao kalenda ya ofisini huuhesabu kuwa wa Alhamisi.

Naitiri: kumbukumbu zisizoandikwa

Mafunzo hayo yanafaa Naitiri kwa namna ifuatayo.

Chombo cha kwanza ni rika. Wabukusu huwatahiri vijana wao katika miaka ya shufwa, na kila aliyetahiriwa huingia katika mojawapo ya marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Rika huchukua misimu kadhaa, kisha jina jingine hufuata, na baada ya takriban miaka 100 jina la kwanza hurudi. Kwa hesabu inayotumiwa mara nyingi, waliotahiriwa kati ya mwaka 1948 na 1958 ni Nyange, na wale wa 1960 hadi 1970 ni Maina. Nyange waliotangulia walikuwa wa 1848 hadi 1858, na Maina waliotangulia wa 1860 hadi 1870.

Rika hufanya kazi ambayo hesabu ya vizazi haiwezi kuifanya. Babu akiwa wa rika la Nyange la awali, anawekwa ndani ya miaka kumi hivi, hata kama alizaa mwana wake wa mwisho akiwa mzee kama Sheikh Ali. Ikisimuliwa kuwa mwamuzi huyo wa Nyange alikuwapo wakati wa vita vya Lumboka na Chetambe mwaka 1895, Wabukusu walipopambana na jeshi la Waingereza na washirika wao, simulizi hilo linawezekana: alikuwa mzee wa kushauri. Ikisimuliwa kuwa alikuwa kijana mbele ya mapigano, hapo pana kasoro, na huenda watu wawili wa jina moja wameunganishwa. Hatari ya rika ni ile ya jina la Ali: jina hurudi. Swali la lazima kwa kila mzee ni "Nyange wa mara ipi?", na jibu hupimwa kwa kuuliza rika la baba na la watoto wake.

Chombo cha pili ni jina. Majina mengi ya Kibukusu huonyesha majira ya kuzaliwa: Wafula na Nafula ni wa mvua, Wanjala na Nanjala ni wa njaa, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno. Jina la aina hiyo humpa mtafiti majira, lakini halimpi mwaka wala ukoo. Kwa kuwa watoto pia hupewa majina ya marehemu, Wafula mmoja anaweza kuwa na Wafula wengine nyuma yake. Kwa sababu hiyo jina la baba, jina la ukoo na nyumba ya mama lazima viandikwe pamoja. Katika boma la wake wengi, nyumba ya mama ndiyo iliyowatenganisha ndugu, na ndiyo iliyoamua ng'ombe wa nani wamwolee nani.

Chombo cha tatu ni kumuse, hotuba ya faraja inayotolewa baada ya mazishi ya mzee mwenye hadhi. Omuseni wa kumuse hutembea katikati ya umati akiwa na fimbo yake, akasimulia historia ya watu, akaonya na kuelekeza namna ya kuishi. Katika siku hizo za msiba wazee huketi pia kusikiliza madeni: nani alimdai marehemu, na marehemu alimdai nani. Kwa maneno mengine, msiba wa Kibukusu hufanya kazi iliyofanywa Mombasa na wasifu wa wanavyuoni pamoja na hati ya mirathi. Anayetafuta habari za mwamuzi wa kale atapata mengi zaidi kwa kuuliza kuhusu kesi kuliko kuhusu sifa. "Alikuwa mtu mkuu" ni sifa isiyopimika. "Aliamua kuwa ng'ombe wa mahari warudishwe kwa sababu fulani" ni habari yenye wahusika, koo mbili na kanuni, nayo inaweza kuulizwa pia kwa ukoo wa upande wa pili.

Chombo cha nne ni maandishi ya baadaye. Gideon Were alichapisha mwaka 1967 historia ya Abaluhya iliyojengwa juu ya simulizi za wazee, na mwaka 1978 F. E. Makila akachapisha historia ya Wabukusu. Kabla yao, katika miaka ya 1930, Günter Wagner alifanya utafiti kuhusu Walogoli na Wabukusu, ukiwamo utaratibu wao wa kuamua kesi. Kuna pia majalada ya serikali ya kikoloni katika Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, daftari za makanisa, na kumbukumbu za mabaraza ya kesi ya Waafrika. Mtafiti ajihadhari na majina: katika majalada ya zamani Wabukusu huitwa "Kitosh", na wilaya yao huitwa North Kavirondo, kisha North Nyanza, kisha Elgon Nyanza, kabla ya kuwa Bungoma. Atakayetafuta neno "Bukusu" peke yake atarudi mikono mitupu. Na atakayetafuta "Naitiri" katika majalada ya kabla ya 1963 atawakuta walowezi na mashamba yao. Babu zake wako katika jalada jingine.

Waliosahauliwa, na kwa nini ni muhimu

Kama kumbukumbu za ukoo ni kumbukumbu za sheria, basi asiyetajwa humo amepoteza zaidi ya heshima. Mgawanyo wa mirathi wa Kiislamu humlazimisha kadhi kuwataja wanawake, kwa kuwa kila mmoja ana fungu lake: mjane wa mume aliyeacha watoto hupata thumni, na binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Unaweza kujadili mafungu hayo, lakini jina la mwanamke limo katika hesabu. Nasaba inayosomwa kwa wanaume pekee, iwe ya Mombasa au ya Bungoma, humpitia mwanamke kana kwamba hakuwapo.

Huko Naitiri suala hili liko mezani. Waliogawiwa mashamba katika miaka ya 1960 wengi wao wamefariki, na hati miliki nyingi zingali na majina yao. Wanaotaka kurithi hutakiwa kuleta orodha ya jamaa wa marehemu, na barua ya chifu hutumika kuwatambulisha warithi hao mahakamani. Barua hiyo ni nasaba mpya. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, na Katiba ya mwaka 2010 hazimbagui binti, lakini mahakama haiwezi kumpa haki mtu ambaye ukoo haukumtaja. Kwa hiyo, kijana anayeandika historia ya ukoo wake hana budi kuwauliza bibi na mashangazi, na kuandika mabinti, wajane na nyumba za mama kwa majina yao. Mara nyingi bibi ndiye anayejua kesi ile ya mahari iliishaje, kwa kuwa mahari yenyewe yalikuwa yake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa mwanasheria wa karne ya 19 anaweza kufuatwa kwa kumbukumbu za ukoo, awe kadhi mwenye vitabu au mzee wa baraza asiyeandika. Kwa wa kwanza, mtafiti hufuata jina, mwana, mwanafunzi na hati. Kwa wa pili, hufuata rika, jina, kesi na jalada. Katika hali zote mbili, hesabu ya vizazi pekee hupotosha, jina linalorudi huchanganya, na sifa isiyokuwa na kesi haithibitishi lolote.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi ya pekee katika kazi hii. Wamefundishwa kukusanya fasihi simulizi, kuandika maneno ya msimulizi kama yalivyotamkwa, na kutaja mahali na siku. Ujuzi huo ukielekezwa kwenye nasaba na kesi za kale, likizo moja yaweza kutosha kuandika yale ambayo wazee wa Nyange na Maina bado wanayakumbuka. Nyange wa 1948 hadi 1958 wamebaki wachache, nao ndio waliosikia kwa masikio yao watoto wa waamuzi wa karne ya 19. Nyange wajao, kwa mpango wa marika, hawatatahiriwa kabla ya mwaka 2048, na wao watakuwa na jina la rika tu iwapo kesi hazitaandikwa sasa.